Joto la Mashuka ya Wageni

Jumapili, tarehe 14 Juni.
Asubuhi ya ukungu. Jua limechelewa, kamba za uani hazionekani, na nguo nilizoanika jana zinaonekana kama zinaning'inia hewani zenyewe.

Kwa dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia, na ile cherehani yako haijaanza tena kukata uzi. Sisi huku tu wazima, kwa namna ambayo utaielewa ukifika mwisho wa karatasi hizi. Binti yetu alipiga simu juzi, anakusalimu sana, anasema mjukuu wetu ameota jino la pili na humfungulia mdomo kila anayepita.

Najua ulitaka nikujibu upesi, tena kwa mstari mmoja tu, kwamba nakuja siku gani. Uliniandikia kuwa chumba kiko tayari, umekipaka rangi, umenunua kitanda, na nisihangaike kubeba vyombo. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Lakini siku ya kuja siwezi kuiandika kabla sijakueleza yaliyotokea, na wewe wanijua, mimi siwezi kuanzia jambo katikati. Si ndiyo maana ulinibandika jina la Karani tangu tukiwa wadogo? Basi weka chai yako karibu, univumilie.

Unakumbuka nilivyokuandikia mwezi wa tatu kwamba mume wangu amehama kitanda. Hakugomba, hakununa. Alichukua mto wake kama mtu anayechukua mwavuli, akaenda kulala sebuleni, juu ya sakafu, hata godoro hakutaka. Nikimuuliza, anasema mgongo. Zikaja wiki nyingine ambazo hata hapo sebuleni halali vizuri, anaamka jua halijatoka na kutangulia dukani. Nikimgusa bega anajitoa polepole, kwa adabu, kama mtu aliyeguswa na mgeni kwenye foleni. Angenifokea ningejua la kufanya. Adabu ile ndiyo iliyonimaliza.

Duka letu unalijua, ila hujaliona tangu tuliporefusha chumba cha nyuma. Mbele niko mimi na kaunta yangu, namba zangu za vitambaa na pini zangu, nabandika kila kola namba yake. Nyuma ndiko kwake. Kuna meza ndefu ya kupigia pasi, pipa la maji, na kamba zinazotoka ukuta huu hadi ule. Mashuka ya nyumba ya wageni huletwa kila siku, yakaning'inizwa humo meupe, na mvuke unapanda katikati yake hata mtu akipita unamwona miguu tu. Wateja humwita Mzee Mvuke, na mwenyewe jina hilo linampendeza. Kuna wakati mchana jua linapenya kwenye kidirisha cha juu, basi chumba chote kinakuwa cheupe kila upande, bila pembe, bila dari, kama umeingia ndani ya wingu. Mara ngapi nimesimama mlangoni hapo nikasahau nilichofuata.

Mwaka huu alianza kuufunga mlango huo mchana. Anafunga kwa ndani. Nikiwa kaunta nasikia pasi inapita, inapita, kisha kimya. Kimya kirefu. Kisha mtu anashusha pumzi, na pumzi yenyewe, dada, ilikuwa ya mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Mimi nabana pini kwenye shati la mtu huku najiuliza humo ndani yuko na nani, maana chumba kina mlango mwingine unaotokea uchochoroni. Tena mashuka ya wageni yakaanza kuchelewa. Msimamizi wa nyumba ya wageni, yule mama asiyeishiwa maneno, alinitania kwamba labda mzee wangu anayabembeleza kwanza ndipo anayakunja. Nilicheka naye vizuri. Alipotoka nikajifunika na pazia la kaunta nikalia, kisha nikajifuta na pazia hilo hilo, nikampokea mteja aliyefuata.

Ndipo nilipokuandikia, nawe ukanijibu kama dada mkubwa. Ulisema barabara hiyo umeipita na unazijua kona zake. Ulinikumbusha kwamba shemeji naye, kabla hamjaachana, alianza hivyo hivyo, na mto wake, na mgongo wake, na sebule yake, akiikumbatia ile chupa ya mpira ya maji moto kuliko alivyowahi kukukumbatia wewe. Ukasema mwanamume akishaanza kulala sebuleni, mizigo yake mingine iko tayari kwa mtu, kwa hiyo nisingoje kuonyeshwa mlango, nitoke na heshima yangu. Nilikubali. Nilifungasha lile begi la bluu, nikalisukuma chini ya kitanda upande wake, kwa kuwa upande wake haukuwa na mtu.

Siku niliyochagua kumwambia ilikuwa Alhamisi. Mchana niligeuza kibao mlangoni ili wateja wajue tumefunga, nikazunguka uchochoroni. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu moja moja kama vitambaa vya namba. Mlango wa nyuma ulikuwa umerudishiwa tu. Sikubisha hodi. Niliingia katikati ya mashuka, yakawa yananipita usoni, yana joto, yananukia sabuni, nafungua hili naingia katika lile, kama mtu anayefungua milango ndotoni na kila mlango una mlango mwingine nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kusikia sauti mbili. Nilichosikia ni mkoromo.

Alikuwa peke yake. Alikuwa ameketi juu ya rundo la mashuka yaliyotoka kwenye pasi muda huo huo, refu kama kiti, mgongo ameuegemeza ukutani, mikono magotini, amelala usingizi. Mvuke unapanda taratibu pembeni mwake. Uso wake, dada, ulikuwa ule uso wa zamani, wa kijana aliyekuja nyumbani kwetu na suruali yenye mkunjo ulionyooka mpaka baba akamsifu suruali kabla ya kumuuliza jina. Nilikuwa nimeusahau. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikiishi na uso mwingine, uso unaouma meno, nami nikadhani unayauma kwa sababu yangu.

Maneno yangu yote yalitoka kichwani kama maji. Nilisimama humo kwenye weupe mpaka alipofumbua macho, na kwa kuwa alidhani ananiota, hakushtuka. Aliniambia kwa sauti ya usingizi kwamba asiharakishwe, mashuka ya wageni atayapiga pasi upya. Kisha akaamka kwelikweli. Akataka kusimama, akashindwa, akajishika chini ya tumbo.

Akanieleza huku anaitazama pasi, mimi hakunitazama hata mara moja. Kumbe kwa zaidi ya mwaka anaumwa huko chini. Alisema ni kama amekalia kokoto ambayo akiitafuta haioni. Akikaa inauma, akienda haja ndogo inaunguza, inapanda mgongoni, inashuka mapajani, kuna siku inanyamaza mpaka anadhani imepona, kesho yake inarudi na ndugu zake. Alikwenda zahanati kwa siri, wakamwambia ni tezi dume, wakampa vidonge. Na mtu mmoja aliyekaa naye kwenye benchi huko akamnong'oneza kwamba joto husaidia sana.

Sasa sikiliza alichofanya. Katika kazi yetu, maji ya kutolea madoa tunayaita dawa. Na jambo la kwanza alilonifundisha nilipoolewa, kabla hata hajanionyesha mahali anapoweka sukari, ni kwamba nguo yenye dawa haikaribiwi na joto. Doa likipakwa dawa halafu likapigwa pasi, limegandia humo humo, huliondoi tena hadi kitambaa kinachakaa. Basi mume wangu akachukua sheria ya doa akajiwekea mwilini. Akapanga wiki za dawa na wiki za joto, na zisikutane. Akimeza vidonge, anaoga maji baridi, analala sakafuni, chai anaiacha ipoe. Vidonge vikianza tu kumtuliza anaviacha, anahamia kwenye mashuka. Mashuka yakianza kumlegeza, anayaacha, anarudi kwenye vidonge. Miezi yote hii anakwenda na kurudi kama pasi yenyewe, na kokoto iko palepale.

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, kwamba kitanda chetu kilihusika vipi. Alichukua kona ya shuka akaanza kuikunja na kuikunjua. Kisha akasema, "Mama, wewe una joto. Toka siku ya kwanza una joto. Ningelalaje kando yako na dawa iko mwilini?"

Ndiyo hayo, dada. Si kwamba nilikuwa nimepoa. Na zile wiki nyingine, alisema, alikuwa anaamka mara kwa mara kwenda chooni, akaona haya nisije nikazihesabu safari zake, maana ananijua. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya rundo lile lile la mashuka. Lilikuwa bado la moto. Nikaelewa kabisa kwa nini alikuwa akilala pale. Kisha kicheko kikageuka, naye akanishika mkono, bila adabu yoyote.

Jumatatu yake tulikwenda wote kliniki ya wilaya. Daktari alikuwa mwanamke wa rika la binti yetu, na mume wangu alipomwona alikumbuka ghafla kwamba amesahau kuzima pasi. Nikamwambia pasi nimeizima mimi. Alichunguzwa, akapimwa mkojo na damu, tukarudi tena kwa majibu. Uvimbe ule tuliokuwa tunauogopa bila kuutaja haukuonekana. Daktari alisema ni maumivu sugu ya tezi dume, hayaui lakini yana ukaidi, na hayana dawa moja ya kuyamaliza kwa siku moja. Akauliza amekuwa akitibiwaje. Hapo mzee wangu akamweleza sheria ya doa, kirefu, na kwa fahari ya kazi yake.

Yule binti hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ameshukuru, maana ana blauzi nyeupe kabatini ambayo sasa amejua iliharibikaje. Kisha akamwambia kwamba kwake yeye haoni doa. Anaona misuli ya huko chini iliyojikaza kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa ndani ya ndoo, ikakaukia katika kujisokota kwake. Akamuuliza, nguo ya namna hiyo wewe huinyoosha vipi?

Mume wangu alijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake, kwamba unainyunyizia maji kisha unaipitishia pasi maji yakiwa bado humo. Pasi kavu peke yake haitoi mkunjo ule. Maji peke yake nayo hayatoi. Akatazama mikono yake. Daktari naye akawa anaandika, akampa nafasi ya kukaa na jibu lake mwenyewe.

Basi akaandikiwa dawa mbili, moja ya kutuliza maumivu, nyingine ya kulegeza njia ya mkojo, azimeze kila siku kama alivyoelekezwa, asiziache kwa sababu amejisikia nafuu. Na joto siku hizo hizo. Akae ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, au aweke chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, kwa kitambo tu, asilalie, asijiunguze. Nami nikaagizwa jambo moja, kwamba dawa ile ya kulegeza pamoja na maji ya moto huweza kumletea kizunguzungu, kwa hiyo ainuke polepole na mtu awe karibu.

Siku ya kwanza hakuinuka polepole. Aliona beseni limemstarehesha, akasimama kama askari aliyeitwa jina, chumba kikamzunguka, akanishika shingoni na mwili wake wote ukanilalia, umelowa, una joto. Tukabaki hivyo kati ya mashuka yanayoning'inia, maji yanatiririka kwenye sakafu hadi chini ya meza ya pasi. Aliniuliza kama chumba kinakwenda au ni yeye. Nilimwambia ni chumba. Hatukuwa na haraka ya kukisimamisha.

Sikudanganyi, hajapona. Wiki iliyopita zilikuwepo siku mbili mbaya, alikuwa mkali hata kwa vibanio. Lakini anakaa kwenye kiti na kumaliza chai, na chai yenyewe ya moto. Mashuka ya wageni yanatoka kwa wakati, na msimamizi amekosa la kutania. Na Jumatano, nilipokuwa natandika, alikuja na mto wake ameubana kwapani, akasimama mlangoni kama mtu anayeomba chumba. Niliuchukua nikauweka mahali pake. Mguu wake ukagonga begi la bluu chini ya kitanda. Akaliinamia, akalitazama, akanitazama. Nilimwambia ni nguo za kupelekwa kwa fundi. Hakuuliza ni fundi gani. Asubuhi nililikuta tupu, nguo zangu zote ziko kabatini, zimepigwa pasi.

Sasa, dada, kuna kitu nimekiruka makusudi, nami nimezunguka nacho kurasa zote hizi. Nilikuambia kuhusu mtu wa kwenye benchi, aliyemnong'oneza mume wangu habari ya joto. Siku ya majibu nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa kwenye benchi la kliniki, mwisho, karibu na dirisha, amekaa upande upande kama mtu anayetaka kuondoka. Mapajani ameshika chupa ya mpira ya maji moto, na chupa ameivalisha mkono wa sweta. Sweta ya kijivu yenye mstari mwekundu. Wewe uliifuma, mimi nilikushikia uzi.

Alikuwa shemeji.

Amekonda, lakini anacheka vilevile, kwa pua. Mume wangu alikuwa amemtambua tangu siku ile ya zahanati, ila waliahidiana wasitajane. Anaumwa yale yale, tangu mlipokuwa mkiishi pamoja. Alisema wakati ule hakujua jina la ugonjwa, alijua tu kwamba kitandani kunauma, na kwamba akikwambia mahali panapouma utamwona si mwanamume. Kwa hiyo alisema mgongo. Nilimuuliza huyo mwanamke mwingine tuliyesikia anaye yuko wapi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema hajawahi kuwako. Alikusikia ukimtaja, akaona heri uamini hivyo kuliko ujue mengine. Sweta ilipochanika hakuweza kuitupa, akakata mkono, ndio huo. Dawa za daktari na joto la chupa sasa anavitumia pamoja, anasema afadhali yake ni kubwa.

Nilimuuliza kama nikwambie. Aliinyoosha ile sweta juu ya chupa, akasema, "Kalamu unayo wewe, shemeji. Ukimwandikia, mwambie sebuleni nilikwenda peke yangu." Kisha jina lake likaitwa, akainuka polepole, kama anavyotakiwa.

Nimekwambia. Sikuongezi neno, na sikushauri kitu, kwani wewe ndiye mkubwa. Mimi siji, dada. Nisamehe kwa rangi uliyopaka na mikono yako iliyochoka. Ila kile kitanda usikirudishe dukani bado.

Msalimie jirani yako mwenye redio, na mwambie bado nadaiwa kumtembelea. Mume wangu anakusalimu kwa heshima zote, ameniagiza niandike kwamba blauzi nyeupe ikipata doa usiipige pasi. Jitunze, goti ulipake mafuta, na unijibu ukiwa tayari, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Karani

Nimeifungua tena kuongeza haya. Ukungu uliondoka mchana, jua likaingia hadi kitandani. Yeye alikuwa ametoka kwenye beseni, amekwishameza dawa yake, akajilaza, nami nikajilaza kidogo tu, nikitaka kukumbuka kama nimekuandikia yote. Tangu mwezi wa tatu sijalala usingizi wa maana, na wewe ndiye pekee uliyejua. Mgongo wake ulikuwa umenigusa, hakuusogeza. Katika shajara yangu ya leo nimeandika hali ya hewa ya asubuhi, na chini yake mstari mmoja: Nililala saa tisa na robo alasiri.